Kemia au Fizikia Chuo Kikuu? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waliomaliza Fomu Siksi

Kila mkeka wa matokeo ya fomu siksi ukitoka simu yangu inajaa meseji, za wadogo zangu, za watoto wa majirani, za wanafunzi niliowafundisha kipindi napiga tempo ya ualimu, na wengi swali lao ni hilohilo, dada nimefaulu kemia na nimefaulu fizikia, chuo nisome ipi? Mimi nilisoma PCM (fizikia, kemia na hesabu), nikachukua digrii ya kemia, sasa hivi napima maji kwenye maabara Arusha. Miaka yote mitatu ya chuo nilikaa chumba kimoja na mwenzangu aliyesoma fizikia, kwa hiyo ya upande wa pili nayo nimeyaona kwa macho. Majibu mengi yanamlenga mtu wa Tanzania, walioko Kenya na Kongo waanzie swali la 21.

## Mambo ya msingi

1. Si nimeshazisoma zote advansi, chuo kuna jipya gani?

Jipya lipo, tena kubwa. Advansi unapewa vitu vimeshakatwakatwa, topiki hii fomula yake hii, unapiga pasti pepa mpaka mkono unazoea. Chuo kemia inakuja kwa mafungu manne: oganiki ambayo ni mambo ya kaboni, inoganiki ambayo ni elementi zilizobaki, fizikali ambayo ni joto na kasi ya riaksheni na nguvu zinazoshika atomu, halafu analitiko, yaani kupima ndani ya kitu kuna nini na kipo kiasi gani. Fizikia inakuja na mekaniki, sumaku na umeme, thamodainamiki, kwanta, elektroniki, nyuklia, na juu yake kozi nzima za hesabu.

Mkemia anataka kujua kitu kimetengenezwa na nini na kikikutana na kingine kitageuka nini. Mwanafizikia anatafuta sheria inayokiendesha, awe anaangalia nyota au waya wa shaba. Mfano uko hapahapa kwetu, mwaka 2016 ilitangazwa kwamba bonde la Rukwa lina heliamu nyingi ardhini. Kazi ya kikemia ilikuwa kuchukua gesi inayobubujika kwenye chemchemi na kuipima, heliamu kiasi gani na imetoka kwenye miamba ya aina gani. Kazi ya kifizikia ni kusoma mawimbi ya mtetemo yanayopita chini ya ardhi ili kujua gesi imejificha wapi. Na heliamu hiyohiyo ikiwa kimiminika, kwenye nyuzi kama 269 chini ya sifuri, ndiyo inayopoza sumaku ya mashine ya MRI, ile ya hospitali inayopiga picha za ndani ya mwili.

2. Ipi ngumu?

Zote ngumu ila haziumizi sehemu moja. Kemia inaumiza kwa wingi wa vitu, riaksheni za oganiki hazina mwisho, ripoti ya maabara kila wiki, na kila chumvi ina tabia zake. Fizikia ina vitu vichache zaidi lakini vimeshikana kama mnyororo, usipoelewa kimoja vinavyofuata vyote vinakataa. Mtu wa kemia aliyezembea wiki tatu anaweza kutafuta desa zuri (nukuu za wenzake), akapiga msuli siku nne usiku na mchana, akavuka. Wa fizikia akizembea wiki tatu za sumaku na umeme hakuna desa la kumuokoa, inabidi arudi nyuma mpaka pale alipoachia.

Sapu (mitihani ya kurudia) zipo pande zote mbili na wanaodisko (wanaoondolewa chuo kwa kufeli) wapo pande zote mbili, kwa hiyo usikimbie moja kwa sababu ya sifa za mtaani.

3. Hesabu zikoje? Mimi hesabu na mimi hatuelewani.

Kwenye fizikia hesabu ndiyo lugha ya darasa. Mwaka wa kwanza tu unakutana na kalkulasi, vekta na matriksi, na ukishafundishwa leo kesho mwalimu wa mekaniki anaitumia bila kukukumbusha. Kama integresheni ulikuwa unaikariri bila kujua unajumlisha nini, utateseka sana.

Ila wanaokimbilia kemia ili wakwepe hesabu nao wanajidanganya. Kemia fizikali ina kalkulasi ya kutosha, na mtu wa maabara asiyejua takwimu hawezi kusema kipimo chake kinaaminika kiasi gani. Tofauti ni kwamba kemia hesabu zinakuja kwa vipindi, unapata muda wa kupumua katikati.

4. Sasa nitajuaje ipi inanifaa?

Hapa ndipo nataka usome taratibu, kwa sababu watu wengi wanajiuliza swali ambalo sio. Wanajiuliza naipenda ipi, na kupenda kwa fomu siksi mara nyingi ni kumpenda mwalimu aliyefundisha vizuri. Mimi nakwambia jiulize hivi, ukikosea unarudia kwa moyo gani? Maana sayansi zote mbili, chuoni na kazini, sehemu kubwa ya siku ni kurudia kitu kilichokataa.

Chukua taitresheni uliyoifanya advansi, ile ya kupima asidi na besi. Bureti ina asidi, flaski chini ina besi na matone mawili ya methili oranji, rangi ni njano. Unafungua koki kidogo kidogo huku mkono wa pili unazungusha flaski. Ukikaribia unaona pale tone linapodondokea panatokea kawingu ka chungwa halafu kanapotea, sasa unaenda pole, unaacha nusu tone linaning'inia kwenye ncha, unaligusisha kwenye ukuta wa flaski, unalisuuza na maji ya distili na flaski nzima inageuka kwa mpigo. Unasoma mililita 24.30. Unarudia, unapata 24.70. Hazikubaliani, kwa hiyo unaanza upya kuanzia kuosha vyombo. Wapo watu pale ndipo wanapozama, wanataka kujua ile tofauti imetoka wapi, pipeti ilikuwa na kiputo? bureti ilisuuzwa na maji badala ya asidi? Wapo wengine wanajisikia kama wanafua nguo ambayo haitakati.

Upande wa pili, mwenzangu wa chumbani alibandika manila nyeupe ukutani juu ya kitanda chake, akaandika mlinganyo wa Schrödinger, ule wa kwanta, wa chembe iliyofungiwa kwenye kisanduku, na siku nne jibu lake likagoma kufanana na la kitabu. Analala unamtazama, anaamka unamtazama. Usiku wa tano saa nane akaniamsha kwa kelele, alama ya kutoa aliiacha mstari wa tatu! Alifurahi mpaka wa chumba cha jirani wakagonga ukuta. Mimi nilimuangalia nikajua kabisa kwamba ile furaha mimi siipati pale, mimi naipata 24.30 ikifuatiwa na 24.30.

Kwa hiyo kaa chini ukumbuke kosa ulilolifukuzia mwenyewe bila kusimamiwa na mtu. Kama lilikuwa la mikono na vyombo na macho, kemia. Kama lilikuwa la karatasi na kichwa, fizikia. Mimi nakiamini kipimo hiki kuliko alama za mtihani.

5. Shule yetu maabara ilikuwa jina tu, nitaweza kweli?

Utaweza, na kwa hili nina mtu wa kukutajia. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari Magamba, kule Lushoto, na wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa, unachanganya sukari, unaacha yapoe ndio unaweka kwenye friji. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania, Mpemba akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale yaliyowekwa ya baridi. Akamuuliza mwalimu wake, akaambiwa umechanganyikiwa. Hakuliacha. Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza mgeni aliyekuja kuzungumza na wanafunzi, Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, wenzake wakamcheka, lakini Osborne akarudi Dar akalifanyia majaribio. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na jambo lile dunia nzima linaitwa jina la Mpemba. Wanasayansi mpaka leo wanabishana linatokeaje na linatokea katika hali zipi.

Maabara yake ilikuwa friji na maziwa. Chuo kitakupa vifaa na kitakuanzisha mwanzo kwa usalama wa maabara na kushika pipeti, walimu wanajua shule zinazowaleta. Ulichokosa sekondari kinafidika kwa muhula mmoja au miwili ukiwa mtu wa kuingia maabara mapema na kutoka mwisho.

## Kombi, alama na kuomba chuo

6. Nimesoma PCB (fizikia, kemia, baiolojia), naweza kwenda fizikia?

Kemia mlango uko wazi kabisa. Fizikia inategemea hesabu zako, na kila chuo kimeandika masharti yake kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU (tume ya vyuo vikuu), wapo wanaotaka hesabu ya advansi na wapo wanaoangalia BAM, ile hesabu ndogo ya advansi, au hesabu ya fomu foo. Usisikilize ya vijiweni, fungua ukurasa wa chuo chako, soma mstari wa kozi yako neno kwa neno.

Hata wakikukubali ujue unaingia darasa moja na watu wa PCM ambao kalkulasi wameila miaka miwili. Ile miezi ya kusubiri chuo usiipoteze, tafuta mtu wa PCM akufundishe difarensiesheni, integresheni na vekta, kila siku kwa muda wa saa mbili tu. Niliowaona wamefanya hivi walikuwa sawa mpaka muhula wa pili.

7. Na CBG, CBA, PGM?

CBG (kemia, baiolojia, jiografia) na CBA (kemia, baiolojia, kilimo) fizikia sahau, kemia ndiyo njia yako. PGM (fizikia, jiografia, hesabu) kinyume chake. Mwenye PGM pia aangalie hali ya hewa na jiofizikia, watu wanasahau kwamba hizo ni fizikia ya nje ya jengo, na jiografia yako itakubeba.

8. Pointi ngapi zinatosha?

Kiwango cha chini cha kitaifa ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili ya advansi uliyofaulu, zenye jumla ya pointi 4.0, ukihesabu A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Hiyo ni ya kukuruhusu kuomba, haikupi nafasi, kwa sababu kozi ikigombaniwa wanachukua kuanzia juu. Habari njema ni kwamba sayansi hizi tupu hazigombaniwi kama udaktari au famasi, mtu mwenye C mbili anaingia kwenye kozi nzuri kabisa na kusoma kwa amani.

9. Kemia nina B fizikia nina D, lakini moyo uko fizikia. Nifanyeje?

Kwanza tafuta D imetoka wapi. Kama mlibadilishiwa walimu watatu kwa miaka miwili, au praktiko iliharibika siku ya mtihani, D haikuelezi wewe. Kama ulisoma kwa nguvu zako zote na mwalimu mzuri na bado ikawa D, basi fungua kitabu cha fizikia cha mwaka wa kwanza, sura mbili za mwanzo za mekaniki, jifungie wiki mbili ufanye maswali ya mwisho wa sura. Ukiyamaliza huku unayataka mengine nenda fizikia bila hofu. Ukiona unayahesabu yamebaki mangapi, nenda kemia, na kipande cha fizikia unachokipenda utakikuta kwenye kemia fizikali.

10. Bodi ya mikopo inapendelea ipi?

Kati ya hizi mbili usichague kwa mkopo, bodi inaangalia zaidi uhitaji wako, yatima, ulemavu, hali ya wazazi, na sayansi kwa ujumla zinapewa kipaumbele. Hakikisha tu nyaraka zako zimekamilika na vyeti vya vifo au vya kuzaliwa vimehakikiwa, hapo ndipo wengi wanapokwama. Waliofaulu juu sana masomo ya sayansi wafuatilie Samia Skolashipu iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023. Na ukipata mkopo kumbuka ni deni, ukianza kazi unakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi.

## Ukishaingia chuo

11. Wiki ya mwanafunzi inakuwaje?

Kemia wiki inazunguka maabara. Una lekcha asubuhi, halafu mchana mmoja au miwili unasimama kwa saa tatu au nne na koti lako jeupe, na usiku unaandika ripoti. Riaksheni haikusubiri, ukiambiwa ipashe moto kwa saa mbili huendi kula, na ukitoka nywele zinanuka esta. Sitasahau muhula mzima chuoni kwetu mashine ya kupimia metali imekaa imefunikwa kitambaa kwa sababu taa yake moja imeungua na mpya haijanunuliwa, tukajifunza kwa kuchorewa ubaoni. Kwa hiyo kabla hujachagua chuo tafuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu pale umuulize mashine zipi zinafanya kazi.

Fizikia maabara ipo ila mzigo mkubwa ni karatasi za maswali. Unapewa maswali sita Jumatatu, yanakusanywa Jumatatu ijayo, na sita hayo ni wiki nzima, wanakaa makundi makundi kwenye vimbweta mpaka taa zinazimwa. Ukiwa mtu wa kujifungia peke yako fizikia itakuchosha, pale kundi ndilo linalokuvusha.

12. Sayansi tupu au sayansi na ualimu?

Kama una wasiwasi wa maisha baada ya chuo, chukua ya ualimu, na nasema hivi nikimaanisha. Miaka ni mitatu hiyohiyo, unasoma masomo mawili ya kufundishia, kwa mfano fizikia na hesabu au kemia na baiolojia, na ukimaliza una cheti kinachokuweka darasani kesho yake, iwe serikalini ikitangaza, iwe shule binafsi. Walimu wa fizikia na hesabu wanatafutwa kila kona ya nchi.

Unachopoteza ni kina. Muda wa saikolojia na mitaala unakata kozi za juu za somo lako, na ukitaka baadaye masta ya utafiti unaweza kukuta kuna vitu hukuvisoma. Kama ndoto yako ni maabara au utafiti, chukua tupu. Kozi ya ualimu ipo Mlimani (chuo kikuu cha Dar es Salaam), DUCE (chuo kishiriki chake cha elimu), Mkwawa Iringa, UDOM (chuo kikuu cha Dodoma) na kwingine kwingi.

13. Nikiingia nikaona sio, naweza kubadilisha?

Unaweza ila wiki za kwanza tu, wakati dirisha la kuhama kozi liko wazi, na uwe na sifa za kozi unayohamia na nafasi iwepo. Kutoka fizikia kwenda kemia huwa rahisi kuliko kurudi upande wa pili, sababu ni hesabu za swali la 3. Ukishahama wajulishe bodi ya mikopo siku hiyohiyo, usisubiri bumu (pesa ya kujikimu) lichelewe ndio uanze kuzunguka.

14. Kompyuta na koding zinahusika?

Sana, hasa fizikia. Jifunze Python mwaka wa kwanza hata kama haimo kwenye kozi yako. Mkemia nae siku hizi mashine zinamletea faili lenye namba elfu kadhaa, asiyejua hata Exceli vizuri anakwama.

## Ajira

15. Ukweli sema, ipi ina ajira?

Kemia ina milango mingi iliyoandikwa jina lake. Tangazo linasema wazi tunataka mkemia. Fizikia ina matangazo machache yanayosema tunataka mwanafizikia, lakini kichwa kilichopikwa na fizikia kinaingia sehemu ambazo tangazo halikukitaja, mitandao ya simu, benki kwenye data, umeme, programu, na kote huko inabidi ujieleze mwenyewe kwa nini wewe. Kama hupendi kujieleza na unataka njia iliyochongwa, kemia. Kama uko tayari kuongeza ujuzi wa pembeni, fizikia haikutupi.

Na pande zote mbili kuna kukaa mtaani mwaka au miwili. Anayekuambia ukisoma hii ajira ni uhakika anakudanganya, tofauti ya kweli inakuja na GPA, fildi ulikofanyia, na mashine unazoweza kuzishika bila kusimamiwa.

16. Mkemia anafanya kazi wapi hasa?

Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali wanapima sumu, dawa za kulevya, vinasaba, na wanasimamia kemikali zinazoingia nchini. TBS wanapima ubora wa bidhaa, TMDA dawa na vifaa tiba. Viwanda vya saruji, bia, sukari, sabuni, rangi, mbolea, kila kimoja kina maabara na mtu wa zamu ya usiku. Migodi ya dhahabu kama kule Geita inatumia sianidi kuyeyusha dhahabu kutoka kwenye mawe, pale bila mkemia hakuna kazi wala usalama, na wachimbaji wadogo wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu wanawahitaji wakemia kuliko mtu yeyote, ni vile tu hakuna anayewapelekea.

Mimi niko kwenye maji. Huku kaskazini maji mengi ya ardhini yana floridi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano, utaona mtu mzima wa Arumeru meno yana kahawia tangu utotoni, na ikizidi sana inapinda mifupa ya watoto. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Asubuhi inakuja chupa ya plastiki imeandikwa kwa kalamu ya maka jina la kisima, nachota, naweka bafa, nachovya elektrodi, nasubiri namba itulie. Inaposoma 9 najua kijiji kizima kinakunywa hayo, na ripoti yangu ndiyo inayowafanya wahusika watafute chanzo kingine au wachuje kwa mkaa wa mifupa kama unavyotengenezwa Ngurdoto. Siku hizo sijiulizi nilisoma kemia ya nini.

17. Na mwanafizikia je?

Mamlaka ya Hali ya Hewa, utabiri ni fizikia ya hewa na maji yanayotembea. Tume ya Nguvu za Atomu inakagua mashine za eksirei na kupima mionzi mpaka kwenye vyakula. Wakala wa Vipimo wanaohakiki mizani na pampu za mafuta. Taasisi ya Jiolojia Dodoma na kampuni za utafutaji madini na gesi zinachukua wa jiofizikia. Shule, hiyo tumeshaisema swali la 12.

Sehemu ambayo naiona haisemwi vya kutosha ni hospitali. Taasisi ya saratani Ocean Road na Bugando kule Mwanza wanatibu kwa mionzi, na nyuma ya kila mgonjwa anayelazwa kwenye ile mashine kuna mwanafizikia tiba aliyepiga hesabu mionzi iingie pembe gani na kwa muda gani. Mashine za kobalti 60 chanzo chake kinapungua nguvu mpaka nusu kila baada ya miaka mitano na kidogo, maana yake dakika za mwaka jana sio dakika za mwaka huu, lazima zihesabiwe upya, na kosa la hesabu hapo linaishia mwilini mwa mtu. Digrii ya kwanza peke yake haitoshi, unahitaji masta ya fizikia tiba na mafunzo ya hospitali, lakini wataalamu hawa ni wachache na kazi yao ni ya maana sana.

18. Nimekosa udaktari au uhandisi, nisome hizi kama daraja?

Udaktari, kemia kidogo inasogea karibu, lakini usiichukue ukiwa umenuna. Ukimaliza miaka mitatu uanze tena udaktari mitano na intanshipu juu yake, piga hesabu ya umri na ada. Ukitaka afya kweli ni bora uangalie maabara ya tiba, famasi au fizikia tiba ya swali la 17. Uhandisi, fizikia inakupa msingi mzuri lakini haikufanyi injinia, bodi ya wahandisi inataka digrii ya uhandisi. Kama ni uhandisi unaoutaka, omba tena dirisha la pili au pitia diploma.

## Maswali ya pembeni

19. Mimi rangi nyekundu na kijani sizitofautishi vizuri, kemia imekufa?

Haijafa. Hii hali ni ya kuzaliwa na iko zaidi kwa wanaume, na wengi wanagundua fomu foo kwenye praktiko wanapoambiwa rangi imegeuka wao hawaoni kitu. Mwambie mwalimu wa maabara wiki ya kwanza, usifiche. Taitresheni inaweza kufanywa kwa mita ya pH badala ya indiketa, na mashine nyingi za kisasa zinatoa namba, hazikuulizi rangi. Kitakachokusumbua ni kuchambua chumvi kwa rangi ya mashapo na miali ya moto. Na usidhani fizikia ni kimbilio, rezista zinasomwa kwa rangi za mistari yake, ila pale unapima na multimita unamaliza.

20. Nina pumu, au nina mpango wa kubeba mimba nikiwa chuo. Kemia ni salama?

Oganiki ina mvuke mwingi, na kuna vimumunyisho ambavyo mjamzito hatakiwi kuvikaribia. Chuo chenye utaratibu kina kabati la kuvuta hewa na kitakubadilishia majaribio ukisema mapema, wapo dada zangu waliosoma wakiwa na mimba, wakahamishiwa majaribio ya kimahesabu muhula huo na wakamaliza na wenzao. Mwenye pumu kali inayoamshwa na harufu aongee na daktari wake kwanza, na atembelee maabara ya chuo siku ya kazi, asimame humo nusu saa. Mwili utamjibu.

21. Niko Kenya, au Kongo. Haya yananihusu?

Swali la 1 mpaka la 5 yanakuhusu yote. Kenya utapita KUCCPS (wanaopanga wanafunzi vyuoni) na masomo ya klasta, kwa hiyo angalia gredi ya somo lenyewe pamoja na hesabu, sio wastani peke yake. Kwa kazi, Kenya ina mvuke wa ardhini Olkaria ambao unawataka wote wawili, wa fizikia kutafuta joto liko wapi na wa kemia kusoma maji na gesi zinazotoka kisimani, na Ziwa Magadi kuna magadi yanayovunwa kwa zaidi ya miaka mia. Wa Lubumbashi na Kolwezi, shaba na kobalti zinatolewa kwenye mawe kwa asidi na umeme, huko mkemia ana kazi mlangoni. Uliyesoma math-physique usione kemia imekupita, na wa chimie-biologie asome ushauri wa swali la 6.

22. Hakuna kozi inayochanganya zote mbili?

Zipo zinazokaribia. Sayansi ya materiali, nishati jadidifu, uhandisi wa kemikali, jiokemia. Pia digrii ya ualimu unaweza kuchukua fizikia na kemia kama masomo yako mawili, na shule zinampenda sana mtu huyo. Mipaka yenyewe sio ukuta, Marie Curie alipata Nobeli ya fizikia 1903 na ya kemia 1911, na Ernest Rutherford aliyekuwa mwanafizikia kabisa alipewa ya kemia 1908. Elektrodi yangu ya floridi ina fizikia nyingi ndani, mimi naitumia tu.

23. Baba anataka kemia kwa sababu ya ajira, mimi nataka fizikia. Nitaongea nae vipi?

Usiende na maneno ya ndoto, mzee anaogopa usije ukarudi nyumbani na cheti mkononi bila kazi, na hofu yake ni ya haki, majibu ya swali la 15 yanampa sababu. Mwenzangu wa chumbani alipitia hili. Alichofanya alimuomba baba yake wakae Jumapili baada ya chakula, akafungua kitabu cha TCU, akamuonyesha kozi tatu za fizikia na ada zake, halafu akamuonyesha karatasi ameandika kwa mkono, nikikosa utafiti nafundisha, shule hizi nne za mkoani kwetu hazina mwalimu wa fizikia, nimewapigia simu. Zile shule nne ndizo zilizomaliza kikao. Mzee alichukua ile karatasi, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati, kesho yake akaenda benki kutoa pesa ya maombi.